Habari ya Vitabu vya Picha kwa Watoto Wetu



Katika sura ya 4 ya kitabu cha Yoshua twasoma kwamba Waisraeli, walipokwisha kuvuka Yordani, waliamriwa kutwaa mawe 12 katikati ya mto na kuyasimamisha mahali pale walipolala. Sababu yake yatajwa papo hapo: watoto watakaozaliwa baadaye watayaona, nao watauliza. Liangalieni jambo hilo. Jiwe halisemi. Jiwe humfanya mtoto aulize, na baba yampasa awe karibu, tena awe anaijua habari yenyewe. Jiwe lisilo na mzee wa kulieleza ni jiwe tu, mbuzi hulipanda.

Wazazi wengi hutuuliza kama inafaa kuwapa watoto vitabu vya picha vyenye habari za watu wa kale, au kama ni mchezo wa kuwapotezea wakati wa katekisimo. Sisi twajibu: inafaa sana. Martin Luther mwenyewe, mwaka wa 1529, alikitoa tena kitabu chake kidogo cha sala, akatia ndani yake picha zipatazo 50 za habari za Biblia, tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Zilichongwa katika mbao, kisha zikapigwa chapa, kila picha na maneno machache karibu yake. Akaeleza ya kuwa amefanya hivyo hasa kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu nyingi, kwa maana hao huyashika mambo ya Mungu upesi zaidi kwa picha na mifano kuliko kwa maneno matupu. Na wakati ule walikuwapo watu waliotaka picha zote zivunjwe na kuchomwa moto! Luther hakuwafuata.

Walakini picha ina nguvu, na kila kitu chenye nguvu chaweza kudhuru. Agano Jipya la Luther lilipotokea Wittenberg mwezi wa Septemba 1522, kitabu cha Ufunuo kilikuwa na picha 21 zilizotoka katika karakana ya Lucas Cranach. Mwanamke wa Babeli alivikwa taji ya ngazi tatu, taji ya Papa. Hata asiyejua kusoma alifahamu ni nani anayetukanwa. Kelele zikawa nyingi. Mwezi wa Desemba kitabu kilipopigwa chapa tena, ubao ulikuwa umekwisha kukatwa, taji ikawa ya kawaida. Na katika Biblia nzima ya mwaka wa 1534 ile taji ya ngazi tatu ikarudi. Habari hii hatuifichi ati kwa kuwa ni ya nyumba yetu. Mchoraji naye ni mtu, na kisu chake hufuata ugomvi wa siku zake.

Sasa na tukiri kosa letu wenyewe. Zamani tulikuwa na kitabu cha picha cha maisha ya Luther, nasi tulikisoma pamoja na watoto wa shule ya Jumapili. Tulipofika habari ya ngome ya Wartburg, alikokaa tangu Mei 1521 hata Machi 1522, kulikuwa na picha ya Luther akimtupia shetani kidau cha wino. Watoto walifurahi mno, nasi tukafurahi pamoja nao, tukasema: Ndivyo ilivyokuwa. Lakini sivyo. Hiyo ni ngano. Luther mwenyewe hakuiandika. Ilianza kusimuliwa alipokuwa amekwisha kufa, na doa la wino walilokuwa wakionyeshwa wageni ukutani lilipakwa upya mara nyingi. Baada ya miaka michache, kijana mmoja katika wale wale, aliyekuwa ameendelea na masomo, alitujia na uso mzito. Hakutukemea. Aliuliza tu: Kama habari ya wino ni ngano, je, habari ya kaburi lililo wazi nayo mlitusomea kwa namna ile ile?

Swali lile lilituchoma. Tulikaa naye hata jua likatua, tukamwonyesha jinsi mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anavyowataja walioona, kwa majina na kwa hesabu, akisema wengi wao wangali hai wakati ule, maana yake waulizwe. Alitusikiliza kwa adabu. Lakini imani tuliyoitikisa kwa uvivu wetu haikusimama tena jioni moja.

Tangu siku hiyo kitabu cha picha hatukifungui bila kutenga mambo. Kuna historia, yaani jambo lililotokea na lenye mashahidi. Kuna maisha ya mtu. Tena kuna ngano, ambayo waliotutangulia waliipenda kwa sababu fulani. Jorji na joka lake tusimwondoe! Mtoto aambiwe kwamba hii ni hadithi, naye ataifurahia vile vile, kama anavyofurahia habari za sungura na fisi kwa bibi yake, pasipo kudhani ya kuwa fisi husema.

Ila historia nayo ina mtego wake, nao ni picha ya nusu. Tuchukue habari ya Akeri, Meru. Mwezi wa Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa kwa mikuki usiku, pamoja na wenzao Wachaga. Ni rahisi kuchora wazungu wawili, hema na mikuki. Lakini wale Wachaga wako wapi katika picha? Na kambi ya askari wa Kijerumani iliyokuwa karibu, ambayo iliwatia watu wa nchi wasiwasi, mbona haionekani? Baadaye askari hao walirudi kulipa kisasi juu ya Wameru na Waarusha. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Injili ilifika tena Meru mwaka wa 1902, katika nchi iliyoonja hayo yote. Mtoto wa Kimeru akipewa picha ya mikuki peke yake, atasoma kwamba babu yake alikuwa mwuaji tu, na moto uliowaka juu ya babu huyo hataujua.

Twajua wako walimu watakaosema mambo hayo ni mazito kwa mtoto wa miaka 9. Lakini mtoto huyo amekwisha kuyasikia jikoni kwa nyanya yake. Akija shuleni akaikuta picha isiyoyajua, atanyamaza, hatauliza neno.