Mtende na Mvua ya Mawe

Limezuka suali katika darsa zetu: Je, mti unaosalimika katika mvua ya mawe, na konde inayoteketea kando yake, ni dalili ya radhi za Mungu kwa mwenye mti na ghadhabu Zake kwa mwenye konde? Wako wanaojibu "naam" kwa haraka. Nasi twaliona jibu hilo lina hatari katika dini na katika ujirani.

Mvua ya mawe huku kwetu pwani ni nadra. Wenzetu wa Kericho wenye majani ya chai ndio waijuao. Bara Arabu, nchi ya mitende, nako huanguka katika baadhi ya miaka. Mboga hulala zikafa, na mtende hubaki umesimama. Sababu yake i wazi kwa mwenye kutazama. Kuti lake si pana kama jani la mgomba. Limegawika vijani vyembamba, na mawe mengi hupita baina yao. Upongoo hupindika usivunjike. Shina ni nyuzi ngumu zilizoshikamana, wala uhai wake haumo chini ya gome kama mwembe. Likijeruhiwa huishi, ijapokuwa kovu lile halifungiki maisha. Na moyo wa mti wote ni mmoja tu, umefichwa kileleni ndani ya makuti machanga na vilifu. Mawe yakirarua makuti ya nje, mengine yatachipuka; moyo ukifa, shina hilo limekwisha, halina tawi la kushika mahali pake. Mnazi wetu nao ni vivyo hivyo.

Basi mtende umesimama kwa umbile alilopewa na Mola wake, si kwa ucha Mungu wa mwenyewe. Wala si kwa fingo lililozikwa shambani, ambalo wengine wetu hawajaona haya kulilipia. Kutaja sababu si kukanusha kadari. Sababu nazo ni viumbe Vyake.

Isitoshe, mpita njia huona mti umesimama akasema, "Huyu kasalimika." Na tende je? Zilizokuwa zikiiva zimepondeka, na mwenyewe hana cha kuuza mwaka ule.

Wenye jibu la haraka hutaja aya ya 43 ya Sura An-Nur, inayoeleza kuwa Mwenyezi Mungu humpiga kwa mawe hayo amtakaye na humwepusha nayo amtakaye. Tumeisoma, wala hatukuona ndani yake kuwa aliyepigwa ni mwovu na aliyeepushwa ni mwema. Hilo wameliongeza wao. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikaokoka. Nani atathubutu kusema kuwa Waunguja walikuwa waasi na Wapemba mawalii? Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walisema limepatwa kwa mauti yake, Mtume, katika msiba wake mwenyewe, akawakanusha. Ingelikuwa rahisi kunyamaza.

Hatari ya jibu lile ni kuwa humpa mtu udhuru wa kufunga mkono. Akisha kumhukumu jirani yake kuwa ameadhibiwa, ataona kumsaidia ni kuingilia kazi ya Mungu! Sharia haikwenda njia hiyo. Katika Hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mnunuzi wa matunda ya mtini apunguziwe bei yakipatwa na janga, wala hakuamrisha achunguzwe kwanza dhambi zake. Imamu Malik amelifanya hilo wajibu iwapo kilichoharibika kimefika thuluthi. Imamu wetu Shafi, katika kauli yake mpya, amesema kuwa hasara ni ya mnunuzi akisha kukabidhiwa, na kumsamehe ni sunna. Wenye miembe wanaouza matunda mtini hapa kwetu hupenda kuitaja nusu ya kwanza ya kauli hiyo. Twawaomba waitaje yote, na kabla mnunuzi hajatoa fedha zake.