Lango la Mgeni Humfikia Mwenyeji

Mwaka 1509 majeshi ya maadui yaliivamia dola ya Venice, kaskazini mwa Italia. Watu wa bara wakakimbilia katika mji wenyewe, uliojengwa juu ya maji, na miongoni mwao walikuwamo Wayahudi kutoka Padua na Mestre. Kabla ya hapo Venice haikuwa tayari kuwapa makazi ya kudumu, lakini vita havikungoja ruhusa ya mtu.

Baada ya miaka michache mji ukajikuta njia panda. Wayahudi walilipa kodi nzito za vita, na maskini walikopa kwao kwa kuweka rehani, hivyo kuwafukuza ingekuwa hasara. Hata hivyo, wengi hawakutaka kukaa nao mtaa mmoja. Wahubiri wa Kwaresima walisimama wakidai kwamba mikosi ya vita ni adhabu ya Mungu kwa kuwaacha watu hao waishi kati ya Wakristo. Tarehe 29 Machi 1516 wakuu wa Venice wakapata jibu lao: Wayahudi wabaki, ila wafungiwe.

Walipelekwa kwenye kisiwa kidogo palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, mahali palipoitwa Ghetto. Malango yalifunguliwa asubuhi kengele ikilia na kufungwa usiku. Walinzi walikuwa Wakristo, na mishahara yao ililipwa na hao hao waliofungiwa. Mashua za doria nazo zililipwa kutoka mifuko hiyo hiyo. Kodi ya nyumba kisiwani ilipandishwa kwa theluthi moja. Mchana Myahudi alitoka akiwa na alama ya kumtambulisha. Usiku wa manane, tajiri wa Kikristo akiugua, daktari wa Kiyahudi aliweza kupewa kibali cha kutoka kwenda kumtibu. Watu walipoongezeka na kisiwa kikabaki kile kile, waliongeza ghorofa juu ya ghorofa, nyingine zikafika saba.

Miji mingine ikaiga. Roma ilijenga ukuta wake mwaka 1555 kwa amri ya Papa Paulo wa Nne, tena kwenye bonde la mto Tiber lililokuwa likifurika. Florence ikafuata mwaka 1571. Malango ya Venice yaling'olewa mwaka 1797 askari wa Napoleon walipoingia, na ghetto ya Roma ilikomeshwa kabisa mwaka 1870. Ukihesabu, jambo lililoanza kama namna ya kuwatenga wakimbizi wa vita lilidumu miaka 281 Venice na zaidi ya 300 Roma.

Msomaji wa Runazi ataniuliza: ya Italia yanatuhusu nini sisi wa wilaya za Biharamulo na Ngara, huku Tanzania?

Tarehe 28 Aprili 1994 daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, lilifurika watu. Kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika 250,000 waliingia Ngara. Wakawekwa Benaco, mahali palipopata jina kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na baadaye kambi zikaongezeka. Wenyeji wanakumbuka vilima vilivyobaki bila mti kwa sababu ya kuni. Wanakumbuka pia kwamba kati ya waliokimbia kweli walijificha walioshiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa hiyo serikali ilikuwa na sababu ya kutaka kujua nani yuko wapi, na kambi iliokoa roho nyingi kwa maji, dawa na unga. Ghetto haikuanzishwa ili kumwokoa mtu. Tofauti hiyo lazima isemwe.

Lakini lango, likishawekwa, huwa na tabia zake. Desemba 1996 karibu nusu milioni ya Wanyarwanda walirudishwa kwao, jeshi likiwageuza wale waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Wakimbizi kutoka Burundi wakabaki katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikakaza kamba: mkimbizi akae eneo lililotengwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Mpaka uliotumika ulikuwa kilomita 4 kutoka kambini. Mashamba ya wenyeji yalihitaji vibarua, na mikono ya bei nafuu ilikuwa kambini. Mrundi aliyevuka kilomita zile kwenda kupalilia migomba ya mtu alikuwa mvunja sheria tangu hatua ya kwanza. Akipunjwa ujira, angemshtaki nani, wapi? Hapo ndipo Lukole inapokaribiana na Venice: mtu anahitajika kwa kazi, hatakiwi kwa ujirani, na aliyemzuia ndiye anayenufaika na udhaifu wake.

Venice ilimtambua mtu wake kwa rangi ya kofia. Huku kwetu ungemtambua kwa nini? Kihangaza cha Ngara na Kirundi vinasikilizana. Bugufi yenyewe, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla wakoloni hawajaikata na kuiunganisha na Tanganyika. Watu wameoana ng'ambo na ng'ambo kwa vizazi. Mpaka unaonekana kwenye ramani. Kwenye ukoo hauonekani.

Ndiyo maana lango halikuishia kambini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997 vyombo vya dola vilifanya msako katika vijiji vya mpakani vya Kagera na Kigoma, kuwakusanya Warundi waliokuwa nje ya kambi. Kati yao walikuwamo walioishi vijijini miaka mingi, wamelima, wameoa na kuolewa. Mwaka 2013, baada ya agizo la wahamiaji haramu kuondoka na kisha msako ulioitwa Operesheni Kimbunga, maelfu kwa maelfu waliondoka au kuondolewa katika mikoa hii. Familia zilikatika vipande: mume ng'ambo, mke na watoto huku. Mtoto wa mama Mtanzania alijikuta akiulizwa uraia wake na watu waliomwona akizaliwa. Aliyekuwa na ugomvi wa shamba au deni alipata njia rahisi ya kuumaliza, kwani neno moja kwa mgambo lilitosha.

Turudi Roma kwa mara ya mwisho. Ukuta ulishabomolewa zamani na Wayahudi walikuwa raia kama wengine. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikawafanyia sensa ya peke yao, kisha ikatunga sheria za kuwabagua kazini na shuleni. Alfajiri ya tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Ujerumani waliingia mtaa ule ule wa ghetto ya zamani wakiwa na orodha za majina na anwani. Zaidi ya watu 1,000 walisafirishwa hadi Auschwitz. Waliorudi hai ni 16.

Silinganishi Kimbunga na Auschwitz; anayefanya hivyo anawakosea waliokufa. Ninachosema ni kwamba kila orodha huishi muda mrefu kuliko nia ya aliyeiandika. Wakuu wa 1516 walidhani wanatunza amani ya mji, na karani wa 1938 alidhani anahesabu watu tu.

Wala haikuandikwa mahali kwamba lango lazima lifungwe. Nchi hii hii, mwaka 2014, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi lililokimbia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania haikuzama kwa hilo. Watu waliokuwa wakiomba vibali sasa wanalipa kodi na kupiga kura.

Wahenga walishasema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Basi, mwenyekiti wa kitongoji, siku utakapoagizwa kuandika majina ya wageni, usiyaandike sebuleni kwako na mgambo wawili. Itisha mkutano wa kitongoji, yasome mbele ya watu, na kila aliyetajwa apewe nafasi ya kuleta mashahidi. Nawe jirani, ukiulizwa habari za mtu uliyelima naye misimu kumi, sema unachokijua, usiseme unachokisikia. Na wote tudai sheria itofautishe mhalifu na mkimbizi, mkimbizi na mkwe wetu. Tusipodai hayo wakati zamu ni ya mwingine, hatutakuwa na mdomo wa kuyadai zamu ikiwa yetu.