Mapenzi ya Wenye Matenga

Kijana mwenye banda la video pale Ilula, wilayani kwetu Kilolo, amenijibu neno ambalo limenikaa rohoni wiki nzima. Nilimwomba aoneshe The Crowd, sinema ya Marekani ya mwaka 1928, ya enzi za picha bubu. "Mzee," akasema, "watu wametoka shambani, mikono inanuka dawa ya nyanya, uwaoneshe mtu anayelilia kazi? Hayo si wanayo nyumbani?"

Basi tuseme wanayo. John wa sinema hiyo ya mwongozaji King Vidor ni karani New York, amekaa kwenye safu za meza zisizo na mwisho. Anamwoa Mary. Nyumba ndogo haimo, uchawi haumo, mirathi haimo. Wanagombana kwa ajili ya choo kibovu. Mashemeji wanamdharau mume. Mtoto wao anagongwa na lori, John anaacha kazi, Mary anafungasha aondoke, kisha miguu inagoma.

Hiyo ni New York tu? Bei ya nyanya ikianguka na dalali akazima simu, matenga yakaozea kando ya lami, pita nyumba zetu za Kilolo jioni. Mume kaelekea kwenye pombe ya ulanzi. Mke anawaza mkopo wa mbolea aliouchukua kwenye kikoba kwa jina lake. Wakiachana, kikao cha wazee kitauliza nani alimtukana nani. Bei ya tenga haiitwi kutoa ushahidi.

Na sinema tulizotengenezewa nazo hazikuiita. Waingereza walipotupigia filamu za mafunzo kule Vugiri, Tanga, 1935 hadi 1937, mkulima alifundishwa kutunza ngozi na kuweka akiba posta. Leo tunaoneshwa maghorofa na michepuko. Mume na mke wanaolala wakipiga hesabu ya dawa, mimi bado sijawaona kwenye sinema zetu.

Kijana wa banda atasema watu hulipa wasahau shida. Sawa, lakini hata Vidor alipiga miisho kadhaa, kwa kuwa wakubwa wa studio walitaka furaha. Uliobaki ni huu: John kapata kibarua cha kuvaa kichekesho na kutangaza bidhaa barabarani, jioni anacheka ukumbini na mkewe kati ya umati. Cheo hakuna.

Aioneshe. Sinema za Kikorea zilizotiwa Kiswahili anaonesha kila siku. Hii ina vibao vya maandishi tu, mtu avisome kwa sauti kwa Kiswahili. Iwe siku ya gulio, mchana, na wanawake waingie bure, maana bandani mle sijawahi kumkuta mke wa mtu.