Cathy Berberian na sauti zilizodharauliwa

Anayesomea uimbaji wa opera hutumia miaka mingi kuisafisha sauti yake hadi isibaki na mkwaruzo. Kikohozi, kwikwi, mguno na kicheko huhesabiwa kuwa mambo ya nyuma ya pazia. Cathy Berberian, Mmarekani wa asili ya Armenia aliyezaliwa mwaka 1925 na kufanya maskani Milano, alikuwa na sauti safi kama walivyotaka walimu. Lakini hakuzionea haya zile nyingine. Katika Sequenza III, kazi aliyotungiwa na Luciano Berio, Mwitalia aliyewahi kuwa mumewe, mwimbaji husimama peke yake bila ala, akinung'unika, akicheka, akikohoa, mara akiimba, yote kwa dakika chache tu. Ukiisikiliza unajiuliza: binadamu huyu ameimba, au ameishi mbele yetu?

Kwangu, tabia yake inaonekana zaidi mahali padogo. Mwaka 1964 Berio alimpangia Folk Songs, mkusanyiko wa nyimbo kutoka nchi mbalimbali. Wa mwisho ni wimbo wa mapenzi wa Azerbaijan. Berberian aliyanakili maneno yake silabi kwa silabi kutoka kwenye santuri kuukuu, ilhali lugha yenyewe hakuijua. Je, huko ni kuwaheshimu wenye wimbo, au ni kuchezea mali yao? Mimi naegemea heshima. Mwenye dharau angebabaisha tu, na katika kumbi za Ulaya nani angemshika?

Watu hupenda msanii achague kambi. Yeye aliimba muziki wa kale wa mtunzi Monteverdi pamoja na kondakta Nikolaus Harnoncourt, na mwaka 1967 akatoa santuri ya nyimbo za Beatles zilizovikwa mavazi ya zama za kale. Mzaha? Ndiyo, lakini mzaha wa mtu aliyejiandaa.

Ni rahisi kumkumbuka kama mke wa mtunzi, au kama koo ambalo wakubwa waliliazima kwa majaribio yao. Mtunzi John Cage naye alimtungia Aria mwaka 1958. Lakini kumkumbuka hivyo tu kunampunja. Mwaka 1966 Berberian alitunga Stripsody, kazi iliyojengwa kwa milio ya vitabu vya katuni, na waimbaji wanaiimba hadi leo. Mtunzi wake ni yeye.