Shikeni Mikono ya Wakrii

Wewe unayeishi Edmonton, Saskatoon au Winnipeg, umeshalijua basi la kwenda kazini, duka lenye unga wa ugali, na kanisa au msikiti wenye ndugu zako. Sasa wajue wenye nchi. Edmonton imo katika ardhi ya Mkataba wa 6 wa mwaka 1876, na miongoni mwa walioutia saini walikuwa machifu wa Wakrii, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili. Vitukuu wao ni majirani zako, na ngoma zao zinarindima.

Zinarindima baada ya mapambano. Mwaka 1895 Kanada ilikaza sheria ili kuzizima ngoma za ibada. Mwaka 1914 ikaongeza kwamba mwenyeji wa majimbo ya magharibi asicheze nje ya eneo alilotengewa akiwa na mavazi ya jadi bila kibali cha ofisa. Marufuku hayo yalifutwa mwaka 1951. Shule za bweni nazo zilichukua watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000, na wengi wao waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Leo wapo wazee waliopitia shule hizo wanaokaa mbele ya vijana na kuwafundisha lugha ileile. Mzee wa namna hiyo hastahili kufundisha viti vitupu!

Tena wenyeji hawakungoja kupewa shule. Mwaka 1970, karibu na mji wa St. Paul, Alberta, wazazi na wazee waliingia shule ya bweni ya Blue Quills wakakaa humo zaidi ya wiki mbili, mpaka serikali ikakubali kuwakabidhi. Shule iliyojengwa kuwasahaulisha watoto asili yao sasa ni chuo kikuu cha wenyeji. Katika eneo hilohilo, Saddle Lake, lilianzia kundi la Northern Cree, ambalo nyimbo zake zimeteuliwa mara kadhaa kuwania tuzo za Grammy.

Basi mpeleke mwanao kwenye warsha ya vijana ya kutengeneza ngoma. Aloweke ngozi mpaka ilainike, aiwambe juu ya duara la mti, aikaze kwa nyuma kwa kamba za ngozi ileile, kisha asubiri ikauke bila kuigusa. Kijana akiipiga ngoma aliyoiwamba mwenyewe, husimama wima zaidi. Nimeliona hilo, na ndiyo maana nakusukuma.

Theluji ikitanda, ndipo hadithi za Wesakechak husimuliwa, yule mjanja anayehadaa wengine na mara nyingi kujiponza mwenyewe. Aliyekulia hadithi za Sungura hatakaa mgeni hapo. Majira hayohayo huchezwa ngoma ya duara. Waimbaji husimama katikati na ngoma za mkononi, watu wakiwazunguka wameshikana mikono: mguu wa kushoto unatoka kando, wa kulia unaufuata, goti linalegea kidogo kwa kila pigo. Ukialikwa, usijibanze ukutani. Inuka!

Ulizia warsha na ngoma hizi kwenye kituo cha urafiki cha wenyeji mjini kwako, au shuleni kwa mwanao. Ukienda kumwomba mzee mafunzo, uliza kwanza utaratibu wa kumpa tumbaku, maana ndiyo heshima yao. Usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Wakihitaji mikono ya kupanga viti na kugawa chakula, jitolee, na umchukue na jirani yako mwenye gari.