Noti za Biafra na Pauni 20

Biafra ilipojitangaza huru kutoka Nigeria tarehe 30 Mei 1967, watu wake waliendelea kununua na kuuza kwa pauni ileile ya Nigeria. Bendera ilikuwa mpya, lakini fedha ilikuwa ya adui. Serikali ya Nigeria, mjini Lagos, ikautumia udhaifu huo. Januari 1968 serikali ya shirikisho ilibadilisha noti zake kwa muda mfupi mno. Za zamani zilizokuwa upande wa Biafra, pamoja na zile ambazo serikali ya Ojukwu, kiongozi wa Biafra, ilizitegemea kununulia silaha Ulaya, zikawa makaratasi matupu.

Mwezi huohuo Benki ya Biafra ikatoa noti zake, za shilingi 5 na pauni 1, zenye picha ya mchikichi na jua linalochomoza. Watu walizipokea. Wangezikataaje? Vijana wao walikuwa vitani, na kuidharau noti ile kungeonekana kama kuidharau damu yao. Mimi siwalaumu hata kidogo. Lawama ni ya waliojua kwamba nyuma ya karatasi zile hapakuwa na kitu. Port Harcourt, bandari yao kuu, ilianguka Mei 1968. Mafuta yalikuwa yakiwatoka mikononi, njia za baharini zimefungwa, na chakula kinaletwa na ndege za misaada usiku. Mishahara ya askari na watumishi ikalipwa kwa noti zilizozidi kuchapwa huku bidhaa zikizidi kupungua. Mwaka 1969 zikatoka noti kubwa zaidi, hadi ya pauni 10, wakati chumvi imeshakuwa adimu kama dawa.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Uamuzi ule wa Mwalimu Nyerere ulitokana na uchungu wa mauaji ya Waigbo, waliokuwa wengi wa watu wa Biafra, na ulikuwa na heshima yake. Hata hivyo haukuweza kuifanya pauni ya Biafra ipokewe katika benki za nje. Walioujua ukweli huo kuliko wote ni wanawake wachuuzi waliovuka mstari wa mapigano kwenda kutafuta chumvi na vyakula upande wa pili. Muuzaji wa kule alitaka fedha ya Nigeria. Roho zao walizibeba mkononi, na noti ya nyumbani haikuwasaidia chochote.

Tarehe 15 Januari 1970 Biafra ilisalimu amri. Ojukwu alikuwa ameshaondoka kwenda Ivory Coast. Raia walibaki na mabunda ya noti za Biafra. Waliozipeleka noti hizo benki, na wengi waliokuwa na akiba tangu kabla ya vita, walilipwa pauni 20 za Nigeria, hata kama fedha zao zilikuwa maelfu. Miaka miwili baadaye, amri ya mwaka 1972 iliwataka wageni wawauzie Wanigeria hisa na biashara zao. Wenye mtaji wakanunua. Mfanyabiashara wa Onitsha au Aba, miji ya iliyokuwa Biafra, aliyeanza upya kwa pauni 20 alitazama tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, akija mtu kukuhimiza ujitenge na nchi yako, hata kama madai yake ni ya haki kama yalivyokuwa mengi ya Waigbo, muulize akiba ya mama muuza sokoni italindwa na nani siku mambo yakiharibika. Usikubali ajibu kwa wimbo wa taifa.