Ng'ombe ni Wako, Uchungu ni Wake

Kuna swali ambalo daktari wa mifugo huulizwa shambani kila mara, na huulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari: "Daktari, hiyo ganzi ni lazima?" Anayeuliza anataka kujua tu kama bili inaweza kushuka. Lakini chini ya swali hilo kuna lingine: nani ana ruhusa ya kukataa ganzi kwa niaba ya mwili usio wake?

Niko mwaka wa nne Kabete, kwenye kozi ya miaka mitano ya udaktari wa mifugo. Katikati ya wiki ni darasa, maabara na kukimbizana na matatu za Waiyaki Way. Jioni mbili nafanya kazi kwenye kliniki ya mbwa na paka mtaani, na Jumamosi nafuatana na daktari mmoja mashambani huko Kiambu. Sijahitimu, so kazi yangu ni kushika kamba, kuchemsha vyombo na kuandika bili. Na ukitaka kujua watu wanaamini nini kuhusu wanyama, usiwasikilize wakiongea. Soma bili.

Kliniki ya mtaani, mbwa akiletwa afungwe uzazi, hakuna anayeuliza kama dawa ya usingizi ni lazima. Ukiuliza, wenye paka waliokaa kwenye benchi watakuangalia vibaya. Bei ni moja: usingizi, upasuaji, uzi, na dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani.

Shambani mambo ni tofauti. Chukua kazi ya kumtoa ndama pembe. Inafanywa akiwa bado mdogo, wiki chache tu, kabla pembe haijashikana na fuvu. Unachoma kile kichipukizi kwa chuma cha moto. Mshipa wa fahamu unaohusika unapita kati ya kona ya jicho na mzizi wa pembe. Unadunga lignokaine hapo, upande huu na upande ule, unangoja kama dakika kumi, ndio unaanza. Si sayansi ya roketi. Lakini kwenye bili ya shambani ganzi huwa na mstari wake peke yake, na kitu chenye mstari wake kinaweza kukatwa. Bei ikianza kubishaniwa, ganzi ndiyo ya kwanza kuondoka. "Kijana, si utamshika tu?"

Usikimbilie kumwita huyo mzee mkatili. Mimi nimewaona. Anamjua kila ng'ombe kwa jina, na usiku wa kuzaa halali. Ana karo ya kulipa, bei ya chakula cha ng'ombe inapanda, na bei ya maziwa anaamuliwa na watu wengine. Sisi tunaopenda mbwa wetu mjini tunakula nyama choma Jumapili bila kuuliza yule mbuzi aliishi vipi. Hakuna mwenye mikono safi ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Pia nakubali kwamba mwenye mnyama ana haki ya kuamua mengi. Anaweza kumuuza. Anaweza kumchinja. Anaweza kusema matibabu yanazidi thamani ya ng'ombe mwenyewe, na daktari akafunga mkoba bila kinyongo. Kumiliki ni hivyo. Maziwa ni yake, ndama ni wake, ngozi ni yake, hata mbolea ni yake.

Uchungu je? Uchungu hauandikiwi hati. Hauuziki, haurithiwi, hauwezi kuwekwa rehani benki. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti, na ya chuma cha moto anaijua ndama. Mwenye ng'ombe ana ng'ombe, lakini hana uchungu wa ng'ombe. Hivyo anapokataa ganzi, anatoa kitu ambacho hakikuwa chake kutoa.

Kuna watakaosema ng'ombe hasikii kama sisi, ona anasimama tu. Mnyama anayewindwa hana faida ya kuonyesha kwamba ameumia; simba humchagua huyo. Mngoje ndama huyo baadaye: anatikisa kichwa, anapiga masikio, maziwa anayanusa na kuyaacha. Halafu jiulize kitu kimoja. Dawa inayomfaa wewe ukienda kung'olewa jino ndiyo hiyo hiyo inayomfaa ndama, kwa sababu mishipa yake inafanya kazi kama yako. Kama hasikii, ganzi inazima nini?

Sheria ya Kenya kuhusu ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama pasipo lazima. Kila kitu kiko kwenye hilo neno lazima. Kutoa pembe kunaweza kuwa lazima, maana pembe hujeruhi ng'ombe wengine na watu. Na kuna usiku ndama amekwama tumboni, dawa zimeisha, na lazima avutwe hivyo hivyo la sivyo wafe wote wawili. Hiyo ni lazima. Lakini chupa ikiwa ndani ya mkoba na sisi tumesimama tunabishana, hiyo si lazima tena. Hiyo ni bei.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Daktari akikataa kufanya kazi bila ganzi, mkulima atamwita jamaa wa kijijini mwenye kamba na chuma, na ndama ataumia zaidi. Ni kweli. Daktari ninayefuatana naye ana jibu la nusu: anapanga ndama wa majirani siku moja, gharama ya mafuta inagawanywa, na pesa iliyookolewa barabarani inalipia dawa. Bei inabaki ile ile, ganzi ikiwemo. Wengi wanakubali. Wachache wanaenda kwa jamaa wa kamba, na kwa ndama wao sina jibu la kupendeza. Lakini kwamba mtu mwingine atafanya vibaya hakunipi ruhusa ya kufanya vibaya kwa niaba yake.

Kiswahili kina kejeli yake hapa. Mtu akiwa katili tunasema ana unyama, kana kwamba wanyama ndio walioanzisha. Ila lugha hiyo hiyo inatuambia mgonjwa haulizwi uji. Huendi kitandani kwake kujadili kama anauhitaji, unapika, unampa. Tunalijua hili kwa watu, na mjini tumeshalijua kwa mbwa. Halina sababu ya kuishia kwenye lango la zizi.

Siku nitakapoandika bili kwa jina langu, ganzi haitakuwa na mstari wake. Itakuwa ndani ya kazi, pamoja na sindano na maji ya moto, na hakuna anayebishana kuhusu maji ya moto.